Maneno ya Msibani Hayapimwi

Stawa binti Pazi alijua siri zote za Mtaa wa Reli, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumsimulia.

Hebu ifikirie adhabu hiyo. Mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ya vyumba sita na watu ishirini na wawili, aliyelelewa na kelele, ambaye zamani hata mchele hakuweza kuchambua peke yake mpaka abebe ungo wake aende kwa jirani. Huyo ndiye aliyekuwa mwaka wa tisa sasa ndani ya chumba cha ghorofa ya nne, katika jengo kuukuu la stesheni ya Msangani, hedifoni masikioni, mbele yake vitufe vitatu.

Asubuhi ile ya Alhamisi, siku mbili kabla ya Swali kufungwa, kazi ilianza kama siku zote. Taa ikawaka, sauti zikaingia.

"Meya wetu ni mchapakazi. Barabara kajenga."

"Kweli kabisa. Meya wetu ni mchapakazi. Barabara kajenga."

Wanaume wawili. Stawa hakungoja wamalize. Watu wanaopiga soga hawamalizi sentensi, hukatizana, hucheka, mmoja huuliza "nani tena?" na mwingine humjibu na mdomo umejaa muhogo. Hawa walikuwa wanasoma. Akabonyeza kitufe chekundu: maneno ya kukodiwa. Hayapimwi.

Ikaingia sauti ya mwanamke. "Diwani gani? Yule mwenye sura ya mbuzi aliyesahau njia ya kwao?"

"We! Mwache shemeji yangu!"

"Shemeji yako ndiyo, lakini hizo ndevu kazitoa wapi?"

Stawa akacheka. Kicheko kikagonga ukuta wa pili, kikarudi, akakisikia kilivyokuwa cha mtu mmoja. Akabonyeza kitufe cha njano: utani. Hayapimwi. Kitufe cha kijani, cha kauli ya kweli, hakikuguswa hadi saa nne.

Kila baraza ya mtaa ule ilikuwa na Sikio ukutani, dude la kijivu lenye ukubwa wa kifuu cha nazi. Masikio hayo yaliwekwa miaka kumi na tisa nyuma, baada ya uchaguzi ambao masanduku ya kura yalichomwa moto pamoja na darasa yalimokuwa. Wahandisi wakaja na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa tamu. Kwa nini tumwulize mtu mara moja kwa miaka mitano, juani, kwenye foleni, akiwa keshapewa khanga na kilo ya sukari? Tumsikilize kila siku anapoongea na wenziwe. Pale hadanganyi. Basi Sikio likawa linatambua sauti ya kila mkazi, linaipeleka kwenye Mizani chini ya jengo la halmashauri, na Mizani inapima nani anasemwa vizuri na nani vibaya. Mwisho wa mwaka inataja viongozi. Na aliyenyamaza, kanuni ilisema, ameridhika.

Mashine ilijua lugha kumi na nne, ila utani uliishinda. Ikimsikia Mnyamwezi akimtukana Mzaramo, yeye na ukoo wake wote, ilidhani kesho watachinjana. Ndipo kila mtaa ukapewa Mfumbuzi, binadamu wa kuamua kwa sikio la nyama lipi la kweli na lipi la mzaha. Mfumbuzi sharti asichafuliwe. Hakai barazani, hapokei mgeni, hazungumzi na mkazi yeyote wa mtaa anaousikiliza. Stawa alipoambiwa ni miaka miwili tu, alijiona kapata cheo. Nani mwingine aliyezijua sauti zote za Mtaa wa Reli, hata kikohozi? Miwili ikawa minne, minne ikawa tisa, na kila alipouliza aliambiwa mbadala wake anatafutwa.

Na huku chini watu waligutuka. Ukimsema mkubwa, anashuka kwenye Mizani. Akishuka, anajua ni mtaa gani umemshusha. Na mtaa ule taa zake huwa hazitengenezwi tena. Basi wakaanza kuongelea mvua. Halafu wakaongelea jua. Halafu wakawa wanabeba vigoda vyao kuingia ndani. Stawa aliusikia mtaa wake ukiwa bubu, nyumba baada ya nyumba, kama mtu asikilizaye redio inayokwisha betri.

Sasa kulikuwa na Swali. Je, Sikio liondolewe, watu warudi kwenye karatasi? Si karatasi ile ya zamani ya kuchagua mmoja na kuwatupa wengine. Hii mtu angepanga wagombea kwa ngazi, wa kwanza hadi wa mwisho, ili chaguo lake la kwanza likianguka sauti yake ihamie kwa la pili, isipotee. Jambo jema. Lakini madiwani walioketi halmashauri wote waliwekwa na Sikio. Nani angekata tawi alilokalia? Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyethubutu. Safari hii walikubali kulijaribu kwenye mtaa mmoja tu, wakachagua mtaa ulio kimya kuliko yote. Na jibu lingetolewa kwa njia ile ile: watu wazima mia nane wa Mtaa wa Reli, na mia nne na mmoja kati yao waseme barazani, kwa sauti zao, kwamba hawalitaki Sikio.

Hadi Alhamisi ile walikuwa wamesema thelathini na wanane.

*

Saa sita Bwana Mahundi, msimamizi wa jengo, alibisha mara mbili kama ilivyo desturi yake. Alikuwa mkazi wa mtaa mwingine kabisa, ndiyo maana aliruhusiwa kuongea na Stawa, na aliongea naye kama mtu anayesoma kibao.

"Bibi Stawa, kuna mzigo. Sauti mia tatu themanini na moja. Baraza moja, jana alasiri."

Stawa alivua hedifoni. "Nani kafa?"

Maana katika Mtaa wa Reli wa siku hizi hakuna kingine ambacho kingewakusanya watu mia nne mahali pamoja.

Mahundi aliangalia viatu vyake. "Kanuni hainiruhusu, Bibi Stawa."

"Bwana Mahundi. Nakuomba."

"Utasikia mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo, akafunga mlango taratibu kuliko kawaida yake.

Akavaa hedifoni. Akasikia geti linalolia kama paka. Akasikia masufuria, watu wengi, mtoto akinyamazishwa. Halafu sauti ya Mzee Shija Maganga, Mnyamwezi mwenye koo kama tarumbeta, akiigiza sauti nyembamba ya kike:

"Stawaaa! We Stawa! Beba kigoda chako uje, nina habari mbichi, hata haijakatwa kitovu!"

Ua mzima ukaangua kicheko, na ndani ya kicheko kuna waliokuwa wanalia.

Hivyo ndivyo Stawa alivyopata habari kwamba Tatu Kasongo amefariki. Shoga yake wa miaka thelathini. Shija kavaa khanga za marehemu, anatembea kama yeye, anaita kama yeye alivyokuwa akiita kila asubuhi, kama ilivyo kazi ya mtani msibani. Na watu wote wale walimjua huyo Stawa anayeitwa, na walijua yuko wapi.

Alivua hedifoni, akaziweka mezani.  Kisha, kwa kuwa msiba ni lazima mtu apewe pole, alijipa.

"Pole, Stawa."

"Nimeshapoa," akajijibu.

Ilisikika vibaya sana. Hakurudia.

Aliporudi kwenye kazi, Shija alikuwa amebadilisha mchezo. Stawa aliufuata kwa masikio. Walikuwa wamechukua chungu, wamekipaka majivu kifanane na Sikio, wamekivisha sanda ya mfuko wa unga, wamekilaza juu ya meza ya kupigia pasi.

"Jamani, tuna misiba miwili!" alipaza Shija. "Na huyu marehemu wa pili, nani ndugu yake?"

"Hana!" watu wakajibu.

"Nani atamlilia?"

"Hayupo!"

"Alikuwa anakula nini?"

"Maneno yetu!"

"Akashiba?"

"Thubutu!"

"Basi piteni mmoja mmoja mumuage. Bibie, anza wewe. Usimwonee haya, ameshakufa."

Wakapita. Mmoja mmoja, mia tatu themanini na moja. "Silitaki, lilinifukuzia wageni." "Silitaki, mume wangu kawa bubu." "Silitaki, lipelekeni kwa waliolileta." Sauti ambazo Stawa hakuzisikia kwa miaka mitano, sita, ambazo alidhani wenyewe wamehama au wamekufa. Yule fundi viatu mwenye kigugumizi. Mapacha wa mama Kulwa, wamekuwa wanaume. Wakicheka, wakipiga vigelegele, wakitukana chungu. Ilikuwa ni Mtaa wa Reli wenyewe, mzima, wa zamani.

Mia tatu themanini na moja, na thelathini na wanane. Mia nne na kumi na tisa.

Mashine iliwasha taa yake ikingoja. Kijani, au njano?

*

Ijumaa saa tatu mlango uligongwa mara moja, kwa nguvu. Haikuwa desturi ya Mahundi.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na jasho la ngazi. Diwani Generoza Kiwale, ndiye aliyelipigania Swali halmashauri mpaka likakubaliwa. Stawa alimjua kwa sauti tu.

"Diwani, hupaswi kuwa humu."

"Najua, dada yangu. Wakinikuta nimekwisha." Alikaa bila kukaribishwa, juu ya ndoo iliyofunikwa. "Umesikia ya jana?"

"Ya juzi. Nimesikia."

"Basi andika kauli. Bonyeza hicho cha kijani, tumalize."

 Stawa alikuwa anamtazama mdomo. Miaka tisa hakuwahi kumwona mtu wa maana akiongea. Alikuwa amesahau jinsi midomo inavyohangaika.

"Unaijua kanuni ya maneno ya msibani?" aliuliza.

"Naijua. Maneno ya msibani hayapimwi."

"Aliyeiandika ni mimi. Mwaka wangu wa kwanza. Kuna mtani alimtukana marehemu kwamba alikuwa mchoyo, na mwana wa marehemu ndiye alikuwa mtendaji wa mtaa. Mashine ikaipima. Yule mtani alikaa miezi minne bila maji. Nikaandika kanuni, halmashauri ikapitisha, ikabandikwa kila baraza. Kwamba pale mtu asijizuie. Pale hatusikii."

"Vizuri. Lakini hawa walimaanisha! Watu wazima mia tatu hawapangi foleni kumzika chungu kwa mzaha. Wewe mwenyewe hujui kama walimaanisha?"

"Najua. Ningeapa."

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba walisema kwa sababu niliwaahidi haitapimwa."

Generoza alivua miwani akaifuta kwa upindo wa khanga. "Dada Stawa, ngoja nikupe umbea wa halmashauri, maana nimesikia zamani ulikuwa unaupenda. Sisi ni kumi na tisa. Kumi na wawili waliolipitisha Swali walilipitisha kwa sababu walikuwa na hakika litaanguka. Mmoja aliniambia usoni: 'Mama, wape wakose, ili wasiombe tena.' Likianguka kesho, haliji tena kabla ya miaka saba. Na likishinda hapa, mitaa mingine itadai. Ndiyo nafasi yenyewe. Hakuna nyingine."

"Nasikia."

"Na wewe utatoka humu. Bila Sikio hakuna Mfumbuzi. Jumapili uko matangani kwa shoga yako. Hulitaki hilo?"

Hapo alimpata, na alijua kampata. Stawa aligeukia dirishani. Kutoka ghorofa ya nne aliona paa la Tatu, bati lenye kiraka chekundu, na turubai ya msiba ikipepea uani.

"Ninalitaka mpaka linaniuma," alisema. "Ndiyo maana siliamini. Ukiniambia nibonyeze kijani, mkono wangu ndio utakuwa wa kwanza kwenda. Sasa nitajuaje kama ni wao ndio wameamua, au ni mimi ninayetaka kwenda nyumbani?"

"Ni wote! Kuna ubaya gani mkitaka kitu kimoja?"

"Msiba ujao, Diwani, atakuja nani? Watakuja wale wawili wa 'meya wetu ni mchapakazi', wamejifunga khanga za marehemu. Watu wataanza kulia kwa mpango. Ni mahali pamoja tu palipobaki mtaani ambapo mtu anaweza kufungua mdomo. Nami nikapauze?"

"Ukinipa karatasi, mahali pote patakuwa wazi! Hutahitaji msiba!"

Hilo nalo lilikuwa kweli.  Walikuwa wanawake wawili waliokubaliana kuhusu kila kitu isipokuwa kitufe kimoja.

Mwishowe Generoza alisimama. "Watasema uliogopa."

"Watasemea wapi?" Stawa akauliza, na wote wawili wakacheka kidogo, bila furaha.

Mlango ulipofungwa Stawa alikaa mpaka jua likahama mezani. Alimfikiria yule fundi viatu. Alisema silitaki bila kugugumia hata mara moja, na hakugugumia kwa sababu hakuwa akiogopa, na hakuogopa kwa sababu kuna karatasi ukutani yenye jina la Stawa inayosema usiogope.

Akabonyeza kitufe cha njano. Mashine ikauliza kama ana hakika, kama inavyouliza kwenye mizigo mikubwa. Akabonyeza tena. Kisha akaandika barua ya mistari miwili kwa Bwana Mahundi kwamba kuanzia kesho yeye si Mfumbuzi, ni mkazi wa Mtaa wa Reli. Mfumbuzi aachaye kazi harudi tena. Ila sauti yake, kwa kanuni, huanza kupimwa siku hiyo hiyo.

*

Jumamosi asubuhi alishuka ngazi za ghorofa nne akishikilia ukuta. Miguu ilikuwa imesahau umbali. Mtaa ulikuwa mfupi kuliko alivyousikia kwa miaka yote ile, na watu waliomwona waliacha walichokuwa wakisema. Mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani. Matokeo yalikwisha kutangazwa usiku: msiba haukupimwa, zilizohesabiwa ni sauti thelathini na nane tu, mwisho wa kusema saa sita mchana.

Alikwenda moja kwa moja kwa Tatu. Wa msibani walikuwa uani. Yeye alikaa nje, barazani, chini ya Sikio, peke yake.

Binti wa marehemu, Zainabu, alitokeza mlangoni. Alikuwa mtoto wa shule Stawa alipoondoka.

"Shikamoo, mama Stawa."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa." Kisha, kwa upole uliouma kuliko tusi: "Mama alikuwa akiongea na ukuta huu kila asubuhi. Hakuwa anasema la siasa. Alikuwa anakusimulia tu habari, akidhani unazipata."

Stawa alifumba macho. Maneno ya mtu aliye peke yake, yasiyo na siasa, hayapandi ghorofa ya nne, mashine huyatupa. "Sikuzipata hata moja," alisema.

Zainabu hakuondoka. Alikaa kizingitini.

Mzee Shija alikuja saa tano, bado kajifunga khanga za marehemu kiunoni, na hakuwa na mzaha.

"Mzaramo," alisema. "Umetuua."

"Mlisema mahali nilipoahidi sitasikia, mzee Shija."

"Ulitusikia!"

"Niliwasikia. Nililia. Lakini nisingeweza kuwaibia."

"Kutuibia? Tulikuletea mkononi!"

"Basi nileteeni hapa." Aligonga ukuta chini ya lile dude la kijivu. "Hapa panapimwa. Bado saa nzima."

Shija alilitazama Sikio. Mtu aliyetukana chungu alasiri nzima, aliyewachekesha watu mia nne juu ya jeneza, sasa akarudi nyuma hatua moja. Alitazama kushoto na kulia. Madirishani mlikuwa na macho, na milango iliyofunguliwa kiasi cha kupitisha pua.

"Wewe ulishasema?" aliuliza.

"Nilikuwa nangoja mtu wa kunisikia."

Akasimama, akaligeukia. Miaka tisa alikuwa upande wa pili wa kitu hiki, na hakuwahi kujua kinavyokutazama. "Mimi Stawa binti Pazi, mkazi wa Mtaa wa Reli. Silitaki Sikio."

Sauti ilitoka nyembamba, ya mtu asiyeongea. Taa ndogo ikapepesa: imepokelewa. Basi. Hakuna kigelegele.

Zainabu akasema la kwake akiwa amekaa pale pale, haraka, kama mtu anayemeza dawa. Robo saa baadaye mwanamke anayeuza vitumbua kona ya pili alivuka barabara, akaweka beseni chini, akasema, akalibeba tena. Halafu akaonekana kama hajui aende wapi, akaliweka chini, akakaa.

Shija alibaki wima. Saa sita kasoro dakika tatu alikohoa. "We dude," alianza, "mama yako alikuwa bakuli la..."

"Bila utani, mtani wangu," Stawa alimkatiza. "Nakuomba. Ukitania, mwingine atakayekaa kiti changu atabonyeza njano."

Mzee alivua kofia. Bila mzaha wake alionekana mdogo, mchovu, mwenye shati lililopauka. "Mimi Shija Maganga," alisema, kwa sauti ya mtu anayemweleza daktari ugonjwa. "Silitaki."

King'ora cha stesheni kikalia. Masikio yote ya mtaa yakafungua vinywa kwa pamoja, sauti moja laini ikitoka kila ukuta: sauti arobaini na mbili zimesema hapana. Sauti mia saba hamsini na nane hazikusema. Mtaa wa Reli umeridhika.

Madirisha yakafungwa, moja moja. Stawa alisubiri wenziwe wainuke; tangazo likisomwa watu huingia ndani, hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote, alikuwa akiwasikia kila mwaka wakiburuta vigoda. Alikuwa na miaka saba mbele yake na hakuwa na kazi, na upande wa pili wa barabara kulikuwa na watu ambao hawatamwamkia tena.

Hakuna aliyeinuka. Mama wa vitumbua alikuwa akikuna mguu. Zainabu aliegemea mlango.

Shija alivaa kofia yake, akasogea karibu, akamsukuma kwa goti.

"Hebu jisogeze huko, Mzaramo. Umekalia nafasi ya watu wawili."

Ilikuwa miaka tisa bila mtu kumwambia asogee. Stawa akasogea.